Injini ya Mangi Iliyokataa Kupata Moto

Vijana wangu, mkipokea injini mpya iliyofungwa kwenye kreti, msitupe ubao hata mmoja kabla ya kusoma karatasi zote zilizokuja nayo. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kumaliza nusu siku mtaa wa Kwa Mrombo nikitafuta pedeli ya mafuta ndani ya banda la kuku.

Nimekuwa fundi wa magari hapa Arusha kwa miaka arobaini na mmoja, mingi yake kwenye magari ya watalii. Sasa nimestaafu. Nina ng'ombe wawili wa maziwa na migomba kidogo huku chini ya Meru, na bado mnanifuata kuniuliza habari ya ile pikapu yenye supachaja. Wengine mmesikia kwamba niliifunga ile injini kwa mikono yangu na ikawaka siku ya kwanza. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu iliyobaki sijaisimulia sana kwa sababu hainipendezi, lakini ndiyo yenye faida kwenu.

Mwenye pikapu tulimwita Mangi, kama tunavyowaita wenye maduka wengi waliotoka Kilimanjaro. Anauza vifaa vya ujenzi na anakaa Njiro. Uani kwake, chini ya turubai, palikuwa na pikapu ya Kiingereza ya bati nene aliyoachiwa na baba yake. Mzee huyo alikuwa akibeba ndizi kwa pikapu hiyo kutoka Marangu hadi soko la Arusha, na mimi ndiye niliyekuwa naitengeneza tangu nikiwa fundi mchanga. Injini yake ilikufa kabla ya mzee mwenyewe.

"Fundi, nataka itembee tena," Mangi aliniambia.

"Tuiwekee dizeli ya Kijapani. Spea zipo kila kona."

"Hiyo kila mtu anayo."

Akanionyesha picha kwenye simu. Injini ya silinda nane, mpya kabisa, na juu yake limekaa dude la chuma mfano wa begi la shule.

"Farasi mia sita," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja jina la mchumba.

"Mangi, baba yako alikuwa na farasi sabini, na alifika."

"Alifika amechelewa."

Lile dude ndilo supachaja. Ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini yenyewe. Kazi yake ni kuishindilia injini hewa nyingi kuliko ambayo ingevuta peke yake. Kwetu huku juu, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Dar, faida yake unaihisi mgongoni. Lakini hewa nyingi inataka petroli nyingi, vyote viwili vinazaa joto jingi, na anayepima kila kitu ni kompyuta. Kwa hiyo ukimsaidia mtu kununua injini ya namna hii, muulize muuzaji mambo ambayo picha haionyeshi. Je, kompyuta yake imo? Na waya zake? Na pedeli? Maana siku hizi hakuna kebo ya kuvuta mafuta. Pedeli inaiambia kompyuta kwa waya, na kompyuta ndiyo inayofungua hewa. Bila hivyo umenunua jiwe zuri la kuzuia mlango.

Mangi aliuliza yote, na vyote vikaja. Tatizo lilikuwa pedeli, iliyokuwa kwenye kiboksi kilichopigiliwa upande wa ndani wa ubao wa chini. Tuliinua injini kwa winchi pale gereji kwetu, tukaishangilia, na mama lishe wetu, Mama Happy, akaliomba kreti. Nikampa. Wiki tatu baadaye natafuta pedeli, nasoma karatasi, naona imeandikwa mahali ilipo. Nikaenda nyumbani kwake Kwa Mrombo. Kreti lilikuwa limekuwa banda zuri sana, na juu ya kiboksi changu alikaa kuku mwekundu.

"Usimguse, mzee," Mama Happy alisema. "Amelalia mayai kumi na mawili."

"Mama Happy, chini ya huyo kuku kuna pedeli ya injini ya Mangi."

"Ina maana Mangi amenunua gari linalokanyagwa na kuku?"

Tulingoja mpaka kuku alipotoka kunywa maji. Mayai hayakuvunjika. Pedeli niliifuta kwa petroli mara mbili.

Kazi yenyewe ya kufunga nitaisema kwa kifupi, maana mkono hujifunza kwa mkono. Anzeni na breki. Gari lililotengenezwa kwa farasi sabini lina breki za farasi sabini, na ukiongeza mbio kabla ya breki umeandaa msiba. Tuliimarisha chesisi, tukabadilisha gia boksi, shafti na difu, maana injini yenye nguvu hutafuta sehemu dhaifu na kuivunja. Kabla ya kuchomelea vishikio vya injini tulitengeneza mfano wa injini kwa maboksi ya karatasi, tukaupandisha na kuushusha mpaka tukajua rejeta itakaa wapi. Na kabla ya kuiwasha mara ya kwanza, zungusheni oili kwanza mpaka geji ya presha ipande. Injini mpya ikizunguka kavu kwa nusu dakika, umeizeesha miaka kumi.

Waya na kompyuta sikuvigusa. Hiyo ilikuwa kazi ya Naserian.

Naserian ni binti wa Kiarusha kutoka Oldonyo Sambu. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na saba, na ndiyo kwanza alikuwa amefungua karakana yake ndani ya kontena. Nilizoea kumsalimia kwa salamu ya kwao. "Takwenya!" nikisema, ananijibu "Iko!" bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta yake. Mimi nilijifunza kazi kwa kuweka bisibisi sikioni na ncha yake kwenye injini, nikisikiliza. Yeye alisoma namba. Mwanzoni nilimcheka. Siku moja aliniambia, "Baba, plagi ya silinda ya tano inakosa moto," akiwa amekaa hatua kumi kutoka kwenye gari, na nilipoifungua, kweli. Nikaacha kucheka.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Fundi Saidi, mtu wa Tanga, mpole, mwenye vidole vifupi vilivyoweza kuingia popote. Enzi zile magari yetu yalikuwa yanakwenda porini wiki mbili. Kila injini ina themostati, mlango mdogo wa chuma unaokaa kwenye njia ya maji. Injini ikiwa ya baridi, mlango unafungwa ili maji yasiende kwenye rejeta kupozwa na injini ipate moto haraka. Ikishapata moto, mlango unafunguka. Ukikwama umefungwa, maji yanachemka na injini inakufa. Fundi Saidi alikuwa na kanuni yake: "Kinachoweza kukwama kitakwama Ngorongoro, hakitakwama hapa mjini." Kwa hiyo kila injini iliyopita mikononi mwake aliitoa themostati na kuitupa. Nami nikafanya hivyo hivyo kwa miaka arobaini. Nilikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa themostati za watu. Kwa magari yale, hakuna aliyelalamika.

Siku ya kujaza maji kwenye injini ya Mangi, nilifungua boliti, nikatoa themostati mpya inayong'aa, nikaitia kwenye kopo, nikafunga boliti. Sikumwambia mtu. Wala sikuficha, ni kama kunawa mikono kabla ya kula, nani hutangaza?

Ikawaka. Mama Happy alidondosha kijiko. Majirani walikuja kusimama getini. Mangi alizunguka pikapu mara tatu, halafu akaenda kusimama nyuma ya gereji peke yake kidogo. Nilimwacha.

Lakini barabarani ilikuwa habari nyingine. Ilikuwa Julai, baridi ya kweli. Injini ilitoa moshi mweusi, ilinuka petroli, na ukiikanyaga inapanda kidogo halafu inakataa, kama mtu aliyeshikwa shati kwa nyuma. Naserian alisoma namba zake. "Kompyuta inasema injini ni ya baridi," alisema. "Kwa hiyo inaimwagia petroli na inaizuia isikimbie."

Akabadilisha sensa ya joto. Vilevile. Akafungua waya wote, akaupima kipande kwa kipande, akaurudisha. Vilevile. Akafungua tena, na tena. Mimi nilikuwa namshikia taa.

Alhamisi tulikwenda kuijaribu kwenye barabara ya Namanga, ule mpando wa kuelekea Oldonyo Sambu, watatu kwenye kiti kimoja kirefu. Mangi alikuwa anaendesha. Katikati ya mpando lori la vitunguu likatupita, na utingo akainama kutoka juu ya magunia.

"Oya wazee! Tuwafunge kamba?"

Mangi alisimamisha gari pembeni. Tulishuka, nikafungua boneti. Upepo wa huko mnaujua, unapita kwenye koti kama halipo.

"Inasoma ngapi?" Mangi aliuliza.

"Nyuzi hamsini na nane," Naserian akajibu. "Inatakiwa tisini."

"Gari limepanda mlima wote huu, litakuwaje la baridi? Fundi, wewe unasemaje?"

Nikasema, "Itakuwa waya."

Naomba mlishike hilo. Mangi hakulisema. Nililisema mimi, mwenye miaka arobaini ya kazi, na Mangi aliniamini kama baba yake alivyoniamini.

"Basi, dada," alimwambia Naserian, bila ukali, jambo lililokuwa baya zaidi. "Kuna mtu Nairobi anafanya injini hizi. Jumatatu atakuja. Jumapili uje utoe waya zako, asije akazikuta akacheka."

Naserian alifunga kompyuta yake. Hakujitetea. Nyinyi mnaijua Arusha: Ijumaa asubuhi Mangi alikuwa ameshasema dukani kwake, mbele ya wateja, kwamba kazi imemshinda yule binti, na wateja wake ndio wenye magari ya watalii ambayo Naserian aliyategemea kulipia kontena lake. Fundi mchanga akiandikwa jina hilo mapema, hulifuta kwa miaka.

Kabla Mangi hajageuza gari, nilikwenda mbele kufunga boneti. Kwa mazoea tu nilishika mpira wa juu wa maji ya rejeta. Mpira huo kwenye injini isiyo na kasoro unakaa baridi kwa muda, halafu ghafla unakuwa wa moto, mlango unapofunguka. Huu ulikuwa vuguvugu. Nikashika wa chini. Vuguvugu vilevile. Maji yalikuwa yanazunguka kote, tangu mwanzo, bila mlango. Upepo wa Oldonyo Sambu ulikuwa unapooza injini ya farasi mia sita kama chai kwenye sahani.

Nilifunga boneti, nikapanda, nikakaa kimya mpaka mjini.

Ijumaa nilikaa kimya. Jumamosi pia. Mpango wangu ulikuwa mzuri, tena wa kifundi: nirudishe themostati bila mtu kuona, gari lipone, niseme nimeirekebisha. Injini ingekuwa salama, Mangi angefurahi. Kila mawazo yangu yalipofika kwa Naserian, nilirukia sehemu nyingine ya mpango.

Jumapili asubuhi mke wangu aliniona navaa ovaroli.

"Unakwenda ibada ya kwanza au ya pili?"

"Ya pili," nikasema.

"Kwa ovaroli?"

Nikatoka. Gereji palikuwa kimya, hata Mama Happy hakuwepo. Nilimwaga lile kopo la themostati mezani. Ile mpya haikuhitaji kutafutwa, ilikuwa inang'aa kati ya kutu. Nilikuwa nimeshafungua boliti, nayo themostati iko mkononi, Naserian aliposimama mlangoni na begi lake la vifaa. Nilikuwa nimesahau kwamba Jumapili ndiyo siku aliyoambiwa aje kung'oa waya.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Takwenya haikutoka.

Aliangalia injini. Aliangalia mkono wangu.

"Hiyo mpya."

"Ndiyo."

"Imetoka humu."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Aisee." Akakaa juu ya tairi. "Baba, nimefungua ule waya mara tatu. Nimelala chini ya dashibodi mpaka shingo imegoma. Na wewe ulikuwa unanishikia taa."

"Nilisahau, mwanangu. Kwangu mimi kuitoa si kazi, ni mazoea."

"Na Alhamisi ulisahau?"

Ningeweza kusema ndiyo.

"Alhamisi nilikumbuka."

Aliweka begi lake chini. Halafu akasema, polepole, kama anasoma namba kwenye kioo: "Kwa hiyo unairudisha. Gari linapona. Mtu wa Nairobi haji. Na Mangi anawaambia watu mzee ameokoa injini iliyoharibiwa na msichana."

Ndio ulikuwa mpango wangu wote, ila mimi sikuwahi kuupanga kwa maneno yaliyonyooka namna hiyo. Ningependa kuwaambia kwamba nilikuwa nimeshampigia Mangi kabla Naserian hajaingia. Sikuwa nimempigia. Nilimpigia pale, mbele yake, nikaweka sauti ya nje.

"Mangi, kosa si la waya. Ni la kwangu. Nilitoa themostati."

Kulikuwa na kelele za watu wanaotoka kanisani. "Ulitoa nini?"

Nikamweleza.

"Sasa kwa nini uliitoa?"

"Niliitoa na kwenye ya baba yako. Natoa kwenye zote."

Mangi akauliza: "Na yule binti?"

"Yuko hapa. Amekuja kung'oa waya ulivyomwambia."

"Asing'oe! Mpe simu. Naserian? Samahani sana, dada yangu."

"Mangi, hiyo samahani siipokei kwenye simu," Naserian alisema. "Dukani ulisema mbele ya watu. Njoo nao."

Nilidhani atakata. Baada ya saa moja akaingia na suti yake ya kanisani, na pamoja naye wenye magari wawili aliokuwa amewaambia Ijumaa. Akasema mbele yao kwamba waya za Naserian zilikuwa safi tangu siku ya kwanza. Halafu wote wakanigeukia mimi, na mimi nikasema langu. Mmoja wao, ambaye nimemtengenezea magari miaka ishirini, akauliza kwa upole, "Mzee, na zangu nazo umezitoa?"

"Zote," nikasema.

"Mungu wangu. Ndiyo maana wazungu wanalalamika hita haifanyi kazi kule kreta ya Ngorongoro!"

Wakacheka, na mimi nikacheka, lakini kwa sauti ya chini. Siwaambii Fundi Saidi alikosea. Alikuwa sahihi kwa magari yake na barabara zake. Kosa langu ni kwamba nilibeba jibu lake na kuliacha swali lake nyuma. Na nilipogundua, nikamwachia mtu mwingine mzigo kwa siku mbili. La kwanza kila fundi atalifanya. La pili msilifanye.

Jumatatu tulirudisha themostati, tukamwaga oili yote, maana ilikuwa imechanganyika na petroli, tukaweka plagi mpya. Jumanne Mangi alitoa funguo mfukoni, akaniangalia, akampa Naserian. Mangi akakaa katikati, mimi dirishani na kompyuta magotini na miwani puani, kazi yangu ikiwa kusoma namba kwa sauti. Tulipita Ngaramtoni taratibu. Mpando ulipoanza, mbele yetu kulikuwa na lori limejaa magunia, linapumua kwa shida.

"Baba, ngapi?"

"Themanini na nne."

Akasogea kulia kidogo, akachungulia. Barabara ilikuwa nyeupe mpaka juu.

"Ngapi?"

"Tisini. Imesimama hapo hapo."

"Mangi, shika hapo mbele."

Akakanyaga. Magunia, lori, utingo, vyote vikarudi nyuma kwa pamoja. Mangi alifungua mdomo kusema kitu, na mpaka leo hajatuambia kilikuwa nini.